Jino Nililopoteza kwa Ajili ya Drili

Kama wewe ni mtu wa huku, kutoka Kapkatet mpaka Merigi, na kanisa lenu lina spika inayosikika vizuri, basi jua mikono yangu imepita hapo. Sisemi kwa majivuno. Nasema kwa sababu ni kweli, na asiyeamini aje dukani aone. Niliacha shule darasa la tano, na leo vijana wenye vyeti vya chuo wananiletea mitambo iliyowashinda. Huwa siwaambii kitu. Nawapa stuli wakae wangoje.

Lakini nikicheka, mkono wangu hupanda wenyewe kufunika mdomo. Wateja hudhani ni adabu. Mke wangu anajua si adabu.

Nina pengo la jino moja, chini, mbele kabisa. Juzi juzi daktari mmoja aliniuliza kama nataka la bandia, nikakataa, maana angeuliza lile la kwanza lilitokaje na mimi ningeanza kudanganya tena. Nimedanganya juu ya jino hili kwa miaka mingi. Nimesema pikipiki, nimesema ng'ombe, na kuna mteja mmoja wa Kedowa anayeamini mpaka leo kwamba nilipigana na mwizi. Wacha niandike ilivyokuwa, kwa kuwa karatasi hainiangalii usoni.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa na kibanda changu pale Kapkatet, mbao na mabati, ubavuni mwa bucha. Nilitengeneza redio, kaseti, na zile televisheni ndogo za kutumia betri ya gari. Nilikuwa mzuri. Redio ikiletwa imekufa, niliinusa kwanza, na mara nyingi pua iliniambia pameungua wapi. Kwa sababu hiyo nilikuwa na mdomo. Nilisema naweza kutengeneza kila kitu chenye waya, na nilisema mahali popote penye watu: kwa kinyozi, kwa foleni ya unga, hata matangani.

Sasa, kulikuwa na msichana. Alikuwa anafundisha watoto wa nasari, na alikuwa na namna ya kukusikiliza akiwa ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesahihisha daftari. Yeye mwenyewe tulikuwa tumeelewana. Shida ilikuwa baba yake.

Baba yake alikuwa karani wa majani chai. Jioni watu wakileta majani pale kwenye banda la kuuzia, yeye ndiye alisimama kwenye mizani. Alitia mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, akatoa majani yaliyokomaa, akayatupa chini bila kusema neno, kisha akatundika gunia na kuangalia mshale wa mizani mpaka utulie kabisa. Mama zetu walimlaumu na kumheshimu kwa pamoja. Huyo ni mtu ambaye ukimwambia "karibu hivi" anakuuliza "karibu ni ngapi?" Alikuwa pia mzee wa kanisa, na kiti chake kilikuwa cha mbele.

Jioni moja nilimpelekea majani ya mama yangu. Alitundika gunia, akangoja mshale, akaandika. Halafu, bila kuinua macho, akasema, "Wewe ndiye unatengeneza kila kitu chenye waya?"

"Ndiyo, mzee."

"Ile redio ya jirani yangu uliyofungua wakati wa kupanda mahindi, imefika wapi?"

"Imebaki kidogo tu, mzee."

"Mahindi tumeshavuna." Wanawake waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakacheka ndani ya leso. Akaendelea, sauti ile ile ya chini: "Nasikia pia una maneno na msichana wangu. Mimi sina ubaya. Lakini maliza kitu kimoja, kijana. Kanisa letu tunaazima spika kwa majirani, na wakituazima wanatuhubiria kwanza. Siku nitakayokaa kiti cha nyuma kabisa na nimsikie pasta kwa mashine uliyotengeneza wewe, waambie wazee wako waje nyumbani."

Mtu mwenye akili angesema asante, mzee, nitajaribu. Mimi nilisema, "Mzee, Jumapili ya shukrani utakaa nyuma." Jumapili ya shukrani ilikuwa karibu, ile ambayo watu huleta kanisani mahindi ya kwanza na maziwa na kuku. Nilisema kwa sauti ili foleni yote isikie. Nikienda, nilihisi mgongo wangu umenyooka vizuri.

Amplifaya, ile mashine inayoipa spika nguvu, niliijua. Roho yake ni kitu kidogo cheusi kinachoitwa aisii, mfano wa mdudu mwenye safu mbili za miguu. Kila mguu unaingia kwenye tundu lake, na tundu hilo liko katikati ya kitone cha shaba. Bodi yenye tundu na shaba sikuwa na uwezo wa kuagiza, hivyo nilitengeneza mwenyewe. Unachukua kipande cha bodi kilichopakwa shaba upande mmoja, unachora njia za umeme juu yake kwa rangi ya kucha, unatumbukiza kwenye dawa inayokula shaba. Palipo na rangi panabaki, palipo wazi panaliwa. Nilikuwa fundi wa kuchora. Rangi ya kucha nilinunua nyekundu, na mwenye duka alinitazama sana, nikamwambia ni ya dada.

Kazi ikaja kwenye kutoboa. Tundu la mguu wa aisii ni jembamba kuliko njiti ya kiberiti, na yapo mengi, yamekaribiana kama meno ya kitana. Biti, yaani ncha za drili, nyembamba hivyo zilikuwa Nairobi, ghali, na zikiguswa vibaya zinavunjika. Kwa hiyo nilichukua spoki ya baiskeli, nikaiponda ncha, nikainoa kwa jiwe, nikaifunga kwenye mota ya kaseti. Ilitoboa, sikatai. Lakini ilianza hapa ikateleza ikatokea pale. Vitone vya shaba vilibanduka kama magamba. Aisii nilipoijaribu, miguu ya mwanzo iliingia na ya mwisho ikabaki nje, imesimama pembeni ya matundu yake.

Nikatengeneza bodi nyingine. Hivyo hivyo. Nikatengeneza nyingine.

Rafiki yangu mmoja alikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha chai, mtu wa kutoka upande wa ziwa, mcheshi, asiyeweza kupita kibandani bila kugusa kitu. Ndiye aliyekuwa ameniazima jarida la mafundi lenye mchoro wa bodi hiyo, nikaenda kuutoa fotokopi Kericho ili nichoree. Aliinua bodi yangu, akaangalia mwanga kupitia matundu.

"Omera, ndugu yangu, hii ulitoboa ama ililiwa na panya?"

"Ni biti. Spoki inacheza."

"Enda kwa daktari wa meno."

"Nina meno mazuri."

"Sikiza. Ile kitu anatobolea meno ni kijichuma kidogo, kigumu kuliko kichwa yako. Ikiisha makali ya jino yeye anatupa. Kwa bodi bado inakata. Enda tu uombe. Ni bure."

Neno hilo "uombe" lilinikaa vibaya. Nilimwambia kwamba mimi siwezi kwenda kwa ofisi ya watu kuomba takataka. Alicheka akasema basi ngoja panya akumalizie kazi.

Nikalala na jambo hilo, na asubuhi nikawa na mpango ambao niliona ni wa akili sana. Singeomba. Ningeenda kama mgonjwa, mtu wa heshima aliyelipa kadi. Nikiwa kwenye kile kiti, nikiona vile vijichuma, ningeuliza kana kwamba limenijia tu: daktari, hivi zikichakaa mnazipeleka wapi? Na yeye angesema, kwani unazitaka? Nami ningesema, ah, naweza kukusaidia kuzipunguza.

Kilichobaki ni kuchagua jino la kulalamikia. Hapa ndipo ninapotaka kufunika uso. Nilichagua la mbele, chini. Sababu yangu ilikuwa kwamba babu zetu waling'olewa meno mawili ya hapo utotoni, ndiyo ilikuwa mila, na wote niliowajua walikula nyama na kupiga mluzi hadi uzee. Nikajiambia, hata mambo yakiharibika, hili ni jino ambalo ukoo wetu ulishajaribu kuishi bila.

Kliniki ilikuwa Kericho mjini, ghorofani. Daktari alikuwa mama mmoja mtulivu. Kati ya kiti chake na benchi la wagonjwa kulikuwa na pazia fupi, lisilofika chini wala lisilofungika vizuri, na kwenye benchi walikaa watu wanaonijua kutoka Kapkatet. Aligonga jino kwa chuma.

"Linauma hapa?"

"Hapo hapo."

"Ukinywa kitu baridi?"

"Linauma."

"Na cha moto?"

"Zaidi."

Alilitikisa, akalimulika. "Ajabu. Jino lenyewe ni zima kabisa."

Huo ndio ulikuwa mlango. Ningesema, basi labda limepona, na hivi, daktari, hivyo vijichuma. Nilikuwa naviona kwenye sinia, vimepangwa vizuri. Lakini nyuma ya pazia mtu alikohoa, nikawaza wataniona mwongo. Nikasema, "Daktari, usiku silali."

"Unataka tuling'oe?"

Kwenye benchi kukawa kimya cha kusikiliza. Ningesema nini? Kwamba naogopa? Nilisema, "Ng'oa tu," kwa ile sauti ninayotumia nikiwa mbele ya watu.

Alinidunga ganzi. Ulimi ukawa kama wa mtu mwingine. Nilijaribu kuuliza swali langu wakati huo, nikanyoosha kidole kwenye sinia, lakini kilichotoka mdomoni hakikuwa Kiswahili wala Kipsigis. Nesi akaniambia, "Usiogope, baba, hatutatumia hizo." Halafu jino likatoka. Wakanipa pamba niume na wakaniambia nisiongee mpaka jioni. Nikashuka ngazi bila jino na bila biti.

Nyumbani nilitegemea kwamba hakuna atakayeona. Mwenye bucha aliona kabla sijafungua kufuli ya kibanda.

"Fundi, umerudia mila?"

"Lilikuwa linauma."

"La chini, mbele, na lilikuwa linauma. Sawa. La pili unangoja mwezi mwandamo?"

Walicheka bucha nzima. Kichekesho kilitembea haraka kuliko mimi. Kesho yake msichana alinikuta njiani akitoka shuleni, akasimama mbali kidogo, watoto wa nasari wamemzunguka.

"Baba anauliza kama ni kweli umeenda kwa wazee wa zamani wakakung'oa."

"Nilienda Kericho. Kwa daktari."

"Lilikuwa na shida gani?"

"Lilikuwa limeoza ndani."

Alinitazama na kichwa chake kimeinama vile vile. "Yale meno yako?" alisema. Alikuwa anayajua meno yangu. Nilikuwa mtu wa kucheka sana. Akawashika watoto mikono wakaondoka, nami nikabaki barabarani nikiramba lile pengo kwa ulimi.

Nilirudi kwa daktari. Sipendi kukumbuka ngazi zile. Nilingoja mpaka benchi likawa tupu, nikaingia na kofia mkononi, nikamwambia mimi ni fundi wa redio, natoboa bodi, naomba vile vijichuma vinavyotupwa. Nilisema neno hilo, naomba, na sikufa.

Akavuta droo, akatoa kikopo cha peremende kilichojaa. "Chukua vyote. Nilikuwa nashangaa nivipeleke wapi." Kisha akanitazama juu ya miwani. "Ulikuja juzi kwa ajili ya hivi?"

Nikaangalia viatu vyangu.

"Na jino halikuwa linauma."

"Kidogo," nikasema.

Ningefurahi kama angecheka. Hakucheka. Alinifungia kikopo kwenye karatasi, polepole, kama anayemfungia mgonjwa dawa.

Sasa nitawaambia jinsi ya kutoboa bodi sawasawa bila pesa, kwa sababu hapo najua, na hata siku ile aibu haikuniondolea ujuzi. Kijichuma cha daktari nilikiunganisha na mota kwa kipande cha mrija wa biro, gundi ndani. Mota nikaifunga kwa blada ya baiskeli juu ya ubao, na ubao huo nikaufunga bawaba ya mlango kwenye ubao mwingine wa chini, ili ukiukandamiza ushuke mahali pale pale kila mara, usicheze kushoto wala kulia kama mkono. Kabla ya kutoboa, kila kitone nilikichoma alama katikati kwa sindano ya cherehani, ndipo ncha ipate pa kukaa na isiteleze. Chini ya bodi niliweka tochi. Bodi inapitisha mwanga kidogo, kwa hiyo unaona kitone kama kivuli, na ncha ikiwa katikati unajua. Unakandamiza taratibu. Ukiharakisha unabandua shaba.

Matundu yalitoka safi. Niliinua bodi juani, na mwanga ukapita kila tundu ukiwa mviringo, katikati ya kitone, hakuna hata moja lililokosa. Nilimwita mwenye bucha aje aone. Nilimwambia hakuna mtu mwingine kutoka hapa mpaka Kisumu anayeweza kutoboa hivi kwa bawaba ya mlango. Ilikuwa Jumamosi, na kesho yake ndiyo Jumapili ya shukrani.

Nikachukua aisii nikaiweka. Miguu ya mwanzo iliingia. Ya mwisho ilibaki nje.

Niliigeuza. Nikaiingiza kuanzia upande wa pili. Ikakataa vile vile, kwa kipimo kile kile. Mwenye bucha alikuwa bado amesimama pale anapangusa kisu. "Ni biti tena?" akauliza. Nikachukua koleo ndogo nikaanza kuipinda miguu ili iingie kwa nguvu. Mmoja ukakatika. Ilikuwa aisii ya pekee niliyokuwa nayo.

Ningeweza kumfuata pasta jioni ile nimwambie. Sikwenda. Nilikaa nikitumaini kitu, sijui kitu gani. Kesho yake kanisa lilijaa, mahindi yamerundikwa mbele, kuku wamefungwa miguu. Yule mzee wa mizani alikuwa amehama kiti chake. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, amevaa koti zito, mikono magotini, anangoja. Watu walimwona amekaa pale na wote walijua kwa nini.

Pasta akasema, "Fundi wetu, tuletee mashine."

Nikasimama. Nilitaka kusema kwamba bado imebaki kidogo. Lakini pengo lilikuwa jipya na sikuwa nimezoea kuongea nalo, na maneno yakapita hapo yakiwa na mluzi. Watoto walioketi mkeka wa mbele wakaangua kicheko, mama zao wakawafinya, halafu mama zao nao wakainama. Nikasema tena, nikafunika mdomo kwa mkono, ikawa mbaya zaidi maana hakuna aliyesikia. Pasta akasema tusali. Nilipofumbua macho, yule mzee alikuwa amerudi kiti chake cha mbele. Hakunitazama. Heri angenitazama.

Siku mbili hivi sikufungua kibanda mapema. Siku ya tatu alikuja msichana, jioni, akasimama mlangoni hadharani ili asisemwe, mkoba wa shule begani.

"Baba hajasema hapana," aliniambia. "Amesema tu tusitaje jambo hilo nyumbani tena. Kwake hiyo ni karibu na hapana."

"Ni biti," nilianza.

"Nionyeshe."

Sikutaka. Mwalimu wa nasari ataangalia bodi aone nini? Lakini alikuwa ameshanyoosha mkono, nami sikuwa tena na sauti ya kumkatalia mtu. Nikampa bodi, na fotokopi niliyochorea, na aisii yenye mguu uliokatika. Aliiangalia bodi juu ya mwanga. Akasema, "Matundu ni mazuri." Neno hilo liliniuma kuliko matusi. Kisha akaichukua aisii akailaza juu ya karatasi, pale penye mchoro wake.

Akaisogeza ncha moja ilingane na mchoro. Halafu akaanza kucheka, pole pole, mabega kwanza.

"Hii kitu yako ni kubwa kuliko picha yake."

Niliinama nikaona. Miguu ya aisii ilikuwa inapita mchoro. Kidogo tu, lakini ilipita.

"Ni fotokopi ya Kericho?" aliuliza. "Hao huwa wanapunguza kidogo ili ukurasa uingie kwa karatasi yao. Mitihani ya watoto wangu ilirudi na herufi kama chawa." Akapangusa macho. "Wewe ni kinyume chake. Picha kubwa, mwenyewe mdogo."

Siku hizo zote. Kosa lenyewe halikuwa spoki ya baiskeli. Vilivyotupwa na daktari havikuwa dawa. Mimi, niliyejisifu kwamba macho yangu yanatosha, niliamini karatasi kwa sababu ilitoka kwenye mashine, na sikuweka kitu juu ya mchoro wake hata mara moja nilinganishe. Sikumwambia kuhusu jino. Nilimwona ameliangalia lile pengo, na kikopo cha peremende kilichokuwa mezani juu ya karatasi yenye jina la kliniki, na kicheko kikamwisha. Akasema tu, "Ungeuliza mtu." Akaenda zake.

Nilimfuata fundi umeme kiwandani nikamwomba aisii kutoka kwa amplifaya yake mwenyewe. Alinitania mpaka zamu ikaisha, kisha akaifungua akanipa. Safari hii sikutumia karatasi kupima. Nililaza kabonpepa juu ya bodi mpya na kuikandamiza aisii yenyewe juu yake, miguu yake ikaacha alama zake. Nikachora vitone kufuata alama hizo, nikatoboa hapo kwa mtambo wa bawaba. Iliingia yote kwa mara moja, laini, bila kusukumwa, nami sikumwita mtu kuja kuona.

Jumapili iliyofuata nilifika mapema, nikafunga spika, nikakaa kona. Hakuna aliyetangaza. Pasta akasema "Bwana asifiwe," na kanisa zima likashtuka, hata kuku mmoja aliyeingia kujificha chini ya benchi. Katikati ya mahubiri yule mzee akainuka, akatembea mpaka nyuma, akasimama mlangoni huku amefumba macho. Nilimwangalia kama ninavyouangalia mshale wa mizani. Nje, akanipita akasema, "Waambie wazee wako waje."

Kwetu, siku ya kwenda kwa kina msichana, kijana haongei, na akikubaliwa ndipo hupewa maziwa. Wazee wake ndio wanaongea. Mimi niliwekwa nje, karibu na zizi la ndama, na dirisha lilikuwa wazi. Nikamsikia mjomba wangu anaanza. Mjomba ndiye aliyenifundisha mdomo. Alisema wameleta kijana wa kipekee, kijana ambaye hajakaa darasani lakini anawashinda waliokaa. Alisema tangu azaliwe kijana huyu hajawahi kumwomba mtu kitu chochote.

Nilitamani ndama anikanyage.

Kisha nikaisikia ile sauti ya chini. "Kama haombi, basi leo mmekuja kufanya nini kwangu?"

Kicheko kilichotoka dirishani kilikuwa cha pande zote mbili, hata mama yangu alicheka, nilimtambua. Mjomba akajaribu kupanga maneno mengine. Yule mzee akamkata kwa upole: "Hapana, mzee mwenzangu, umesema vizuri. Lakini hii moja sitaki iletwe na mwingine. Mwiteni aingie."

Haijawahi kufanywa hivyo. Wazee walinung'unika, lakini kwake ni kwake. Nikaingia, nikasimama kati ya magoti ya watu. Nilikuwa nimezoea kusimama mbele za watu na siku hiyo sikujua mikono inawekwa wapi. Mmoja ulikuwa unapanda mdomoni, nikaushusha.

"Naomba, mzee," nikasema, na mluzi ukatoka nalo.

"Sijasikia. Sema kwa nguvu, weri, wewe kijana. Spika yako imeniharibu masikio."

Walicheka tena. Nikangoja waishe, macho yangu kwenye viatu vyake, vilikuwa na vumbi la chai kwenye mishono. Nikasema tena, kwa sauti, jina la binti yake na neno lile, na sikuongeza kitu nyuma yake. Sikusema mimi ni nani wala naweza kufanya nini.

Aliniangalia kutoka viatu mpaka mdomo. Halafu akageuza kichwa kuelekea jikoni. "Mpeni maziwa," akasema. "Na mpeni kiti, amesimama sana."